Tupa, Msasa na Mkwatuo: Historia ya Kipandio cha Risasi na Wajibu wa Mfasiri

Utangulizi

Miongoni mwa mambo yanayobishaniwa na watu wa Marekani wanaojiundia bunduki nyumbani kwao, liko swali moja ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo mno. Swali lenyewe ni hili: je, ule mteremko mfupi wa chuma unaoiongoza ncha ya risasi kutoka katika magazini mpaka ndani ya chemba, ung'arishwe na mwundaji, au uachwe kama ulivyotoka kiwandani? Wako wanaosema kuwa kazi ya kuunda haijakamilika mpaka mteremko huo uwe kama kioo. Wako pia wanaosema kuwa mkono unaougusa ndio unaoiharibu bunduki.

Makala haya hayakusudii kumfundisha mtu kuunda silaha. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki kazi hiyo hairuhusiwi bila ya leseni. Kusudi letu ni la lugha. Tutajaribu kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya ubishi huo inatokana na kitenzi kimoja cha Kiingereza kinachobeba matendo manne yasiyofanana, na kwamba Kiswahili, ambacho mara nyingi hulaumiwa kuwa hakina maneno ya ufundi, kina vitenzi vinavyoyatenga matendo hayo barabara. Mfasiri asiyeijua tofauti hiyo aweza kumfanya msomaji wake aharibu chombo cha gharama kubwa, au hata ajidhuru. Lakini kabla ya kulifikia jambo hilo, yafaa tutazame historia, kwani ndiyo inayoeleza swali lenyewe limetoka wapi.

Bunduki na majina yake katika Kiswahili

Bunduki haikuja kwetu bila ya msamiati wake. Neno "bunduki" lenyewe limetokana na Kiarabu, ambamo asili yake ni jina la tunda la njugu ya duara. Jina hilo likahamia kwenye kidonge kilichorushwa kwa upinde, na mwishowe kwenye chombo kinachorusha kwa baruti. "Risasi" nayo, kabla ya kuwa kitu kinachotoka bundukini, ni ile madini nzito iliyoyeyushwa ili kutengeneza kitu hicho. Lakini Kiswahili hakikukopa tu. Neno "mzinga" lilichukuliwa katika ufugaji wa nyuki: gogo lililochimbwa ndani likatoa jina kwa chuma kilicho na uwazi ndani.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba wenyeji wa pwani walizigawa bunduki kwa namna zilivyowashwa na zilivyolishwa. Kamusi za zamani zinataja bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Bunduki ya gumegume, iliyowashwa kwa cheche za jiwe. Bunduki ya fataki, iliyowashwa kwa kifuniko kidogo chenye dawa ya kulipuka. Na hatimaye bunduki ya viasi, yaani ile inayopokea kwa nyuma baruti na risasi zilizokwisha kupimwa na kufungwa pamoja. Kila jina ni sura moja ya historia. Mtu aliyetumia gobore alikuwa na kitenzi chake, "kushindilia", na kifaa chake, "mdeki". Bunduki ilipoacha kushindiliwa kwa mbele, mdeki ukabaki kuwa kijiti cha kusafishia tu.

Mfululizo huo wa majina ulikoma hapo. Baada ya viasi ikaja bunduki ya magazini, ambayo hujilisha yenyewe, na hapo ndipo msamiati wetu ulipoanza kuchelewa. Katika mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki walikuwa bado wakitumia bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ambayo ilitiwa kiasi kimoja kimoja kwa mkono. Bunduki ya namna hiyo haihitaji mteremko wa kuiongoza risasi, kwa kuwa vidole vya askari ndivyo viongozi. Basi si ajabu kwamba sehemu hiyo haikupata jina.

Jinsi tupa ilivyotolewa mkononi mwa fundi

Swali la kung'arisha ni tawi la swali kubwa zaidi: je, kipande kinachotoka mashineni kimekamilika, au bado chamngoja fundi? Kwa karne nyingi jibu lilikuwa moja. Bunduki ilitengenezwa na fundi mmoja au kikundi cha mafundi, na kila kipande kilipigwa tupa mpaka kikaoana na jirani yake. Kipande cha bunduki moja hakikuingia katika bunduki nyingine, hata kama zote mbili zilitoka mkononi mwa fundi yule yule. Kilipovunjika vitani, bunduki nzima ilirudishwa kwa fundi.

Katika mwaka 1785 Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi wa Marekani nchini Ufaransa, alimwandikia John Jay barua kuhusu fundi aliyemtembelea, ambaye twamjua kuwa ni Honoré Blanc. Fundi huyo alimwekea mbele yake vipande vya mitambo 50 ya bunduki, vikiwa vimetenganishwa na kupangwa kwa aina. Jefferson aliokota vipande bila ya kuchagua, akaunganisha mitambo kadhaa kwa mkono wake mwenyewe, navyo vikaoana. Alitambua mara moja faida ya jambo hilo wakati silaha zinapohitaji kutengenezwa.

Fikra hiyo ilivuka bahari, lakini haikutimia upesi. Eli Whitney alitia saini mkataba wa mwaka 1798 wa kuipatia serikali ya Marekani bunduki 10,000 katika muda wa miaka 2, na katika mwaka 1801 aliwaonyesha wakuu wa nchi jinsi vipande vyake vilivyoweza kubadilishana. Hata hivyo shehena yake ya mwisho ilitolewa mwaka 1809, na wachunguzi wa karne ya 20 waliozifungua bunduki zake waliona kuwa vipande vyake havibadilishani kama ilivyodaiwa. Tupa ilikuwa bado imo kazini, ila haikutajwa.

Aliyelitimiza jambo hilo kwa kweli ni John H. Hall, katika karakana ya serikali ya Harpers Ferry. Yeye alitengeneza mashine na vipimo vya kukagulia kila kipande, na katika mwaka 1827 wachunguzi wa serikali walikiri kwamba bunduki zake zaweza kufunguliwa, vipande vyake vikachanganywa, na zikaunganishwa tena. Kufika miaka ya 1850 Waingereza walituma ujumbe kuutazama utaratibu huo wa Marekani, wakanunua mashine na kuziweka katika kiwanda chao cha Enfield.

Maana ya mapinduzi hayo kwa somo letu ni hii. Fundi wa zamani alikuwa na ruhusa, tena wajibu, wa kuondoa chuma. Mfanyakazi wa kiwanda kipya alinyimwa ruhusa hiyo, kwa sababu kipande kikishapigwa tupa kimetoka katika kipimo, na kilichotoka katika kipimo hakibadilishani tena na kingine. Utaratibu mzima unasimama juu ya mkono unaojizuia.

Kuzaliwa kwa kipandio

Sehemu tunayoizungumzia ilizaliwa pale magazini ilipowekwa chini ya komeo. Katika mwaka 1879 James Paris Lee alipata hataza ya magazini yenye umbo la kisanduku, ambamo viasi hulala kimoja juu ya kingine na kusukumwa juu kwa springi. Ubunifu wake ndio uliozaa bunduki ya Lee-Enfield, iliyojulikana sana na askari wa King's African Rifles. Komeo la bunduki linapokwenda mbele hukisukuma kiasi cha juu kabisa. Lakini kiasi hicho kiko chini kidogo kuliko tundu la chemba, basi hakina budi kupanda. Palepale penye mlango wa chemba pakachongwa mteremko mfupi: ncha ya risasi huugusa, huinuka, huingia.

Tukumbuke kwamba jambo hili lote hutendeka kwa sehemu ndogo ya sekunde. Katika bunduki inayojilisha yenyewe, nguvu inayokisukuma kiasi ni ya springi tu, na springi haina akili. Ikiwa ncha ya risasi itakwama, komeo halitajua, na bunduki itanyamaza. Kwa hiyo pembe ya mteremko, urefu wake, na hali ya uso wake ni mambo matatu tofauti, na kila moja laweza kuwa sababu ya kukwama. Msomaji aishike tofauti hiyo, kwani ndiyo msingi wa hoja yetu.

Desturi ya kung'arisha ilikotoka

Desturi ya kung'arisha haikuanzia kwenye bunduki ndefu. Ilipata nguvu zaidi kwenye bastola iliyobuniwa na John Moses Browning na kukubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1911. Bastola hiyo ilipimwa kwa risasi moja tu: nzito, ya gramu 15 hivi, iliyovikwa koti la madini gumu na yenye ncha ya duara. Kwa risasi hiyo ilijilisha vizuri. Baadaye raia walianza kutumia risasi za sura nyingine, hasa zile zenye ncha iliyochimbwa shimo, na ncha hizo pana zikawa zinakwama pale ambapo ile ya duara ilipita. Hapo mafundi wa bunduki wakapata kazi: kupanua mdomo wa chemba na kuusugua mteremko mpaka ung'ae. Kwa fundi aliyejua, kazi hiyo ilifaa. Ilikuwa ni kukifanya chombo kipokee kitu ambacho hakikupimiwa.

Lakini bastola hiyo ina siri moja. Mteremko wake umegawanyika katika sehemu mbili: moja iko katika kiunzi, na nyingine iko kwenye mdomo wa mtutu, na kati yake huachwa makusudi nafasi ya upana wa milimita 0.8 hivi. Jicho la mwanagenzi huiona nafasi hiyo kuwa kasoro. Huchukua tupa, akazisawazisha sehemu mbili ziwe mteremko mmoja mzuri usio na pengo, kisha akasugua mpaka ukang'aa. Matokeo yake ni kwamba risasi hugonga ukingo wa mtutu badala ya kuuruka, na kiunzi kilichoharibika hakirudishiki bila ya kazi kubwa. Na akizidi kuuviringisha ukingo wa chini wa chemba, ganda la kiasi hubaki bila ya kuegemezwa upande wa chini, na kwa mshindo wa baruti laweza kuvimba au kupasuka mkononi mwa mpigaji.

Mtu huyo aliambiwa ang'arishe. Alichokitenda ni kupiga tupa. Neno moja lilimtosha kwa yote mawili, na kosa lilikuwa limekwisha kuandaliwa kabla hajaingia karakanani.

Bunduki inayoundwa nyumbani

Bunduki inayoundwa zaidi majumbani Marekani ni ile iliyotokana na kazi ya Eugene Stoner katika kampuni ya ArmaLite miaka ya 1950, ambayo haki zake ziliuzwa kwa Colt mwaka 1959. Hataza ya msingi ya Stoner ilitolewa mwaka 1960 ikaisha mwaka 1977, na tangu hapo viwanda vingine viliweza kutengeneza vipande vyake. Kwa kuwa vipande hivyo hufuata vipimo vinavyofanana, mtu huweza kununua mtutu kwa huyu, komeo kwa yule, na mwili wa bunduki kwa wa tatu, akaviunganisha mezani kwake. Kwa maneno mengine, yule anayejiundia bunduki nyumbani ni mrithi wa Jefferson pale Paris: anaokota vipande na kuvioanisha.

Sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968 haikumkataza raia asiyezuiliwa kuwa na silaha kujitengenezea kwa matumizi yake mwenyewe, ingawa baadhi ya majimbo yameweka masharti makali zaidi. Katika sheria hiyo, mwili wa bunduki, yaani kile kipande kinachobeba mitambo, ndicho kinachohesabiwa kuwa silaha. Vingine ni vipuri tu. Hapa pia lugha imeingia mahakamani. Kanuni ya mwaka 2022 ilivihesabu baadhi ya vifurushi vya vipande visivyokamilika kuwa ni silaha, na tarehe 26 Machi 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, kwa majaji 7 dhidi ya 2, ilikubali kwamba kanuni hiyo haipingani na sheria. Katika hukumu aliyoiandika, Jaji Neil Gorsuch alijadili jinsi majina ya vitu vilivyotengenezwa na binadamu yanavyoweza kutumiwa hata kwa vitu ambavyo havijakamilika, akatoa mfano wa riwaya ambayo mwandishi hajaimaliza. Wanaodhani kuwa istilahi ni mchezo wa wasomi na waitazame kesi hiyo.

Turudi kwenye mteremko. Katika bunduki ya Stoner, nyuma ya mtutu hufungwa kipande cha chuma cha pua ambacho komeo hujifungia ndani yake, na chini ya kipande hicho huchongwa miteremko miwili midogo, wa kushoto na wa kulia. Mwili wa juu wa bunduki, unaokishika kipande hicho, ni wa alumini. Katika bunduki fupi ya M4, iliyokubaliwa na jeshi mwaka 1994, miteremko hiyo ilirefushwa kwenda chini, hata ikaingia katika alumini yenyewe. Basi mwundaji anayenunua mtutu wa mchongo mmoja na mwili wa mchongo mwingine hukuta ngazi ndogo mahali pa maungio, na hapo ndipo swali la kung'arisha linapozuka kwa nguvu.

Sasa pana jambo ambalo jicho halilioni. Alumini ni madini laini. Ili iweze kuvumilia, hutiwa ndani ya tindikali na kupitishiwa umeme, mpaka uso wake ukageuka kuwa tabaka gumu la oksidi. Tabaka hilo, lenye unene wa milimita 0.05 hivi, lina ugumu unaokaribia ule wa vito, lakini chini yake mna madini yanayokwaruzwa kwa urahisi. Mwenye kuusugua uso huo mpaka ukapoteza weusi na kung'aa kama fedha ameliondoa tabaka lote. Uso mpya unapendeza machoni. Lakini kila risasi ipitayo itauchimba kidogo kidogo. Chuma cha pua, kwa upande mwingine, ni kigumu kuliko alumini, na kukisugua taratibu ili kuondoa michirizi ya mashine hakukidhuru, maadamu pembe yake haikuguswa.

Kwa hiyo swali "ing'arishwe au isiing'arishwe?" halina jibu moja. Lina jibu moja kwa chuma cha pua na jingine kwa alumini. Lina jibu moja kwa mwenye kuondoa michirizi na jingine kwa mwenye kubadili umbo.

Kasoro na mahali inapoonekana

Historia inatupa onyo jingine. Bunduki hii ilipopelekwa Vietnam katikati ya miaka ya 1960, ilinyamaza mikononi mwa askari wengi, na baadhi yao walikufa wakiwa na bunduki zilizokwama. Kamati ndogo ya Bunge la Marekani, chini ya uenyekiti wa Richard Ichord, ililichunguza jambo hilo na kutoa taarifa yake mwaka 1967. Sababu zilizobainika hazikuwa katika mkono wa askari peke yake. Aina ya baruti ilikuwa imebadilishwa bila ya bunduki kujaribiwa ipasavyo kwa baruti hiyo. Chemba hazikuwa zimepakwa kromu ya kuzuia kutu. Na askari walipewa silaha bila ya vifaa vya kutosha vya kuisafishia. Bunduki ilionekana kukwama mahali pamoja, na chanzo kilikuwa mahali pengine.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Katika mwaka 2010 jeshi hilo lilianza kutumia risasi mpya yenye ncha ya chuma iliyo wazi, na ikaonekana kuwa ncha hiyo inazichimba sehemu za alumini zilizo chini ya miteremko. Miongoni mwa hatua zilizochukuliwa katika miaka ya 2010 ni kubuni magazini mpya inayokielekeza kiasi kwa pembe tofauti, ili ncha isigonge alumini. Tazama busara ya jambo hili: mteremko ndio ulioumia, lakini dawa ilipelekwa kwenye magazini. Mwundaji wa nyumbani ambaye bunduki yake inakwama naye hana budi kuanza na magazini yenye midomo iliyopinda au springi iliyochoka, na kiasi chenye urefu usiofaa, na uchafu, kabla ya kuunyoshea mteremko kidole. Chombo cha kusugulia ndicho cha mwisho, kwa kuwa ndicho pekee kinachotenda jambo lisilorudi nyuma.

Vitenzi vinne

Tumefika kwenye kazi ya mfasiri. Kitenzi cha Kiingereza kinachotumika katika vitabu hivi huweza kumaanisha matendo yafuatayo, na kwa kila moja Kiswahili kina neno lake.

Kwanza ni kupiga tupa. Hapa chuma huondolewa kwa wingi unaoweza kubadili umbo, pembe au kipimo. Hili ni tendo la fundi wa kabla ya Hall, na katika bunduki ya kisasa ni tendo la hatari.

Pili ni kupiga msasa. Msasa, kama wengi wajuavyo, asili yake ni mti wenye majani makavu ya kukwaruza ambayo mafundi seremala walisugulia mbao. Jina likahamia kwenye karatasi ya dukani. Kupiga msasa ni kuondoa mikwaruzo na vijiti vidogo vya chuma vilivyoachwa na mashine. Chuma huondoka, ila kidogo. Lakini kidogo hicho chatosha kulimaliza tabaka la milimita 0.05.

Tatu ni kukwatua. Hiki ni kitenzi cha zamani, cha kusugua kitu cha chuma mpaka kiwe safi na king'ae, pasipo kusudi la kubadili umbo lake. Siku hizi wengi wanakijua kwa maana ya kujipamba, lakini maana yake ya karakanani ingali hai katika kamusi, na ndiyo hasa inayotakiwa na mwandishi mwangalifu wa kitabu cha bunduki anaposema kwamba mteremko wa chuma cha pua waweza kushughulikiwa.

Nne ni kung'arisha. Kitenzi hiki hakisemi lolote juu ya njia. Kinataja matokeo tu. Kitu chaweza kung'aa kwa kukwatuliwa, kwa kupigwa msasa, kwa kupakwa rangi, au kwa kupanguswa kwa kitambaa chenye mafuta. Kwa sababu hiyo hakifai kuwa agizo la kiufundi. Anayeagizwa kung'arisha ataacha kusugua pale tu macho yake yatakaporidhika, na macho si kipimo.

Lipo neno la tano ambalo wafasiri hulikimbilia, nalo ni "kulainisha". Tunawaonya juu yake. Kulainisha ni kuondoa ukwaruzi. Lakini pia ni kutia mafuta ili vitu viteleze, na ndiyo maana mafuta ya mashine huitwa vilainishi. Tuchukue agizo kama hili: "Lainisha mteremko kabla ya kutumia." Msomaji mmoja atatia tone la mafuta, na mwingine atachukua msasa. Wote wawili wamesoma Kiswahili sahihi, lakini ni mmoja tu aliyefanya alichoagizwa.

Jina la sehemu yenyewe

Limebaki suala la jina. Tumekuwa tukisema "mteremko" kwa kuwa ndilo neno lililo karibu, lakini lina kasoro moja: mteremko ni mahali pa kushuka, na risasi haishuki hapo, bali hupanda. Kamusi zetu zina neno "kipandio", yaani kitu cha kupandia, kama daraja ya ngazi. Twapendekeza "kipandio cha risasi". Ni neno fupi, limeundwa kwa kanuni zetu wenyewe, na linaeleza kazi ya sehemu hiyo kwa mtu ambaye hajapata kuiona. Kwa komeo, mtutu, chemba na magazini, maneno yaliyopo yanatosha na hayana haja ya kubadilishwa. Hasa "komeo", ambalo limetoka mlangoni kama lilivyotoka lile la Kiingereza.

Yawezekana msomaji akauliza: haya yatufae nini sisi? Jibu ni kwamba majina ya vipande vya silaha yamo katika mikataba inayozihusu nchi zetu. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 juu ya utengenezaji na biashara haramu ya silaha inavitaja kwa majina mtutu, kiunzi au mwili, na komeo miongoni mwa vipande vya silaha, na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 iliandikwa kwa ajili ya eneo letu hasa. Ofisa wa forodha anayefungua sanduku, karani wa mahakama anayeandika orodha ya vielelezo, na mkalimani anayemweleza shahidi kilichosemwa na mtaalamu wa silaha, wote wanahitaji majina yasiyotatiza. Kati ya "aliing'arisha" na "aliipiga tupa" paweza kuwa na tofauti ya mtu aliyesafisha chombo chake na mtu aliyekibadili.

Hitimisho

Kwa muhtasari, historia imetuonyesha kuwa maendeleo ya bunduki yalikuwa ni safari ya kumwondolea fundi tupa mkononi, na kwamba mwundaji wa nyumbani, kwa kuvioanisha vipande vya viwanda mbalimbali, ameirudisha tupa hiyo mezani bila ya kurudisha pamoja nayo miaka ya uanagenzi. Jibu la swali lake ni hili: kipandio cha chuma cha pua chenye michirizi chaweza kukwatuliwa kwa uangalifu, baada ya magazini na viasi kukaguliwa, kipandio cha alumini kisiguswe, na kipandio cho chote kisipigwe tupa na mtu asiye na vipimo.

Na jibu kwa mfasiri ni fupi zaidi. Asikubali kitenzi cho chote cha ufundi kabla hajajiuliza maswali mawili: je, kitu kitapungua? Na kama kitapungua, kazi itakoma lini? Kitabu kisichojibu maswali hayo katika lugha yake ya asili kirudishwe kwa mwenyewe ayajibu kabla ya tafsiri kuendelea. Maneno ya kuyaeleza majibu hayo tunayo. Waliotuachia ni maseremala waliosugua mbao kwa jani la msasa na mafundi waliokwatua chuma, na kazi yetu ni kuyatumia kila moja mahali pake.